Ukoo wa Kuazima

Lindi Mjini,
Jumapili, tarehe 6 Oktoba.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti lako la kushoto limetulia, na korosho za shamba la chini zimeanza kuanguka kabla nguruwe pori hawajaijua njia. Nisalimie majirani wote wa hapo Kikole, na umwambie Mwanaima khanga aliyoniagiza nimeipata. Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haujatulia tangu Jumapili iliyopita, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu yako, Mama, husikilizwa na baraza zima, na mambo haya hayafai masikio mengine. Barua nitampa Gregori, dereva wa lori la magunia, nimwambie ni karatasi za kanisa. Isome mwenyewe, taratibu, mlango ukiwa umefungwa. Usimpe Mwanaima akusomee hata kama miwani imepotea tena. Ukifika mwisho, itie motoni.

Kazi naendelea nayo. Bado ni karani wa mkataba katika ofisi ile ile ya usajili, naandika watoto waliozaliwa na watu waliofariki. Kila siku nawauliza watu dirishani swali ambalo mimi nikiulizwa naishiwa mate: umezaliwa wapi, na mama yako ni nani? Wao hujibu haraka, wengine kwa kujivuna. Mimi naandika kwa mwandiko mzuri na kugonga muhuri.

Mwezi wa tatu tuliletewa mashine ya mahudhurio, ile ya kuweka dole gumba asubuhi ukiingia na jioni ukitoka. Vidole vyangu unavijua. Tangu niko darasa la pili ulinifundisha niseme viliunguzwa na mafuta ya maganda ya korosho, na watu waliridhika, kwa sababu wanawake wengi wa huku wanaobangua korosho hawana alama za vidole. Nami nikasema hivyo hivyo. Mkuu wetu wa ofisi, Bi Kudra, mama wa Kivinje mwenye huruma, alinisugua dole kwa limau, akalifuta, akalipaka mafuta ya nazi kama ananiandalia harusi. Mashine ikakataa mara kumi na moja. Abdulrazak wa masjala akasema basi mimi ni jini nimetokea kwenye magofu ya Kisiwani, nimefuata mshahara. Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka nao huku nimeficha mikono chini ya meza.

Aliyeleta mashine hiyo ni fundi kijana anayeitwa Valerian. Naomba usikasirike, Mama, jina hili utalisoma mara nyingi. Ana miaka ishirini na moja, ni mtu wa kwetu, Mmakonde, amelelewa na bibi yake hapa Rasbura. Aliushika mkono wangu akamulika dole kwa tochi yake ndogo. Korosho huunguza kwa mabaka, pale pamelika, pale pamebaki. Vidole vyangu ni laini kote, kama ganda la yai. Niliona kwamba ameona. Akazima tochi, akawatangazia wote kwamba mashine hizi zinaogopa watu wazuri, kisha akanipa namba ya siri ya kubonyeza badala ya dole. Hakuniuliza neno.

Baada ya hapo mashine ikawa inaharibika kila Ijumaa. Bi Kudra alisema inaugua kama mtoto anayekwepa shule, na kwamba dawa yake inaonekana iko kwenye meza ya Helena. Niliona aibu. Lakini Mama, nilikuwa naisubiri Ijumaa. Valerian ni fundi anayeogopa ngazi. Akiwa juu anaimba nyimbo za kanisa ili asitazame chini, na aliniambia siri hiyo kabla sijamwambia yangu hata moja. Tukitembea hajazi kimya kwa maneno. Nikinyamaza, naye ananyamaza, na sisikii kama ananichunguza. Mtu aliyekua akijihesabia kila neno, kama mimi, hapati mapumziko hayo mara nyingi.

Mwezi wa saba aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kama nimetoka ng'ambo ya Ruvuma nisihangaike, hata babu yake mzaa baba alivuka mto ule usiku na kuku mmoja kwapani, na leo wajukuu wake wanasoma somo la kwanza kanisani. Nililia. Akadhani amepatia. Sikumsahihisha.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alinipeleka kumsalimia bibi yake. Anaitwa Bibi Anjelina. Ni mdogo wa umbo, ana ulimi mkali, alikuwa anapepeta mtama uani. Nilipiga magoti nikamwamkia, akanishika mkono akaguna, akamuuliza mjukuu wake huyu binti amemtoa wapi, mkono wa baridi kama ametoka kuosha samaki. Akasema afadhali, wakati wa joto atanikodi niwe mtungi. Tulicheka. Alinikaribisha ugali na kisamvu cha nazi, akanipa mwiko nimalizie kusonga, akaniangalia ninavyosonga, akasema aliyenifundisha ni Mmakonde wa kweli. Hapo niliona fahari, maana aliyenifundisha ni wewe.

Kisha akauliza lile ambalo kila bibi wa kwetu huuliza kabla hajakupa kitoweo cha pili. Hakuuliza baba yangu ni nani. Aliuliza mama yangu ni wa ukoo gani.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nilikulia mbali na wakubwa. Lakini hofu yangu siku zote ni kuchelewa kujibu, kwa kuwa anayechelewa hutazamwa. Nikajibu haraka kama mtoto wa shule: sisi ni watu wa Nambunga.

Bibi Anjelina aliweka ungo chini. Akaniuliza mama yangu alizaliwa na nani, nikamtaja mama yako kama ulivyonikaririsha. Nikadhani nimefaulu. Yule mama mzee akaanza kulia, akanivuta kifuani, akaniita mdogo wangu, akaniita damu yangu. Kumbe yeye ni mtu wa Nambunga. Mama yake Valerian ni mtu wa Nambunga. Na Valerian, kwa kuwa kwetu mtu huufuata ukoo wa mama, ni mtu wa Nambunga.

Akamgeukia akamwambia ahame kwenye jamvi, akakae kwenye kinu. Alisema hivyo huku anacheka na machozi yanamtoka: "Wee, sogea huko, huyu ni dada yako! Ulitaka kutuletea laana nyumbani?"

Mama, tangu uanze kunilea nimetamani mtu mwingine zaidi yako aniite damu yake. Nimekubaliwa siku moja, na kwa kukubaliwa huko nimempoteza.

Palepale aliniomba namba ya Mjomba Lukas huko Milola, akampigia, akaweka sauti kubwa. Mjomba alicheka, akasema huyo Helena ni mtoto wa dada yake Bertha, alizaliwa Kikole wakati mumeo yu hai, wetu kabisa, hana kasoro ila ukimya. Nilikuwa nimeinamia sahani. Unajua alivyoamini neno lako, Mama. Hukuwa umeonana na ndugu zako kwa miaka minane, ukawapelekea mtoto wa miaka saba ukasema umemzaa, wakakupongeza. Sasa wamepanga kwamba Jumamosi hii, tarehe kumi na mbili, wazee wakutane hapa Rasbura, wewe ukiwemo, ili maneno yafungwe: mimi na Valerian tutambuliwe kuwa kaka na dada mbele ya watu, na uchumba uishie hapo bila aibu kwa yeyote. Mjomba atakuwa ameshakupigia.

Siku ile tukirudi, Valerian alitembea upande wa pili wa barabara. Jumatatu alikuja ofisini bila mashine kuharibika, akasema ataomba kazi Songea. Aliniita dada. Neno hilo lilimtoka kwa shida, kama mtu anayetema mfupa.

Hebu fikiria hali yangu. Nikinyamaza niko salama. Nina ukoo, nina mjomba, nina bibi Rasbura, karatasi zangu zinaendana na maneno ya wazee, na wewe huwi mtu aliyedanganya. Nikisema si mtoto wako wa kuzaa, mimi ni nani? Hapa ofisini nimeona watu wasio na kwao wanavyokuwa. Huambiwa wakae kwenye benchi la pembeni, anaitwa afisa mwingine, anauliza kijiji, mwenyekiti, mashahidi, na mwisho anaomba vidole. Nimeandika majina yao kwa mkono wangu huu. Naogopa benchi lile, Mama. Nikisikia gari limesimama nje naacha kuandika.

Pamoja na hofu hiyo, Jumatano nilifanya jambo ambalo hukuniruhusu. Nimemwambia Valerian. Na kwa kuwa nimemwambia yeye, ni dhambi wewe uendelee kutojua, wewe uliyenipa uji wako. Hukuniuliza hata siku moja. Nadhani uliogopa kwamba ukiuliza, nitakumbuka njia ya kurudi.

Mama, mafuriko hayakunileta. Najua uliamini hivyo: mvua za mwaka ule, kingo za bonde zimeporomoka, mtoto uchi amejaa matope anakwaruza ardhi kwa kucha. Uliwahi kuniambia ulidhani nina njaa nachimba ming'oko, vile viazi vya porini, ndiyo maana ukakimbia nyumbani kunichukulia kiporo cha uji kabla hata ya kunifunika. Sikuwa nachimbua chochote. Nilikuwa nafukia.

Tulikuwa wawili. Tulikuja ndani ya chombo kisichozidi tangi la maji la shule, na kilima kilipoporomoka kilitufunika nusu. Hakikutoka Msumbiji wala bara wala nchi yoyote ninayoweza kuiandika kwenye fomu. Kilitoka juu, Mama, mbali kuliko nyota unazozitaja kwa majina. Kwetu kulikuwa kunapoa. Wakubwa wetu waliwatazama watu wa dunia hii kwa muda mrefu sana kutoka mbali, wakatuumba sura kama zenu, nywele kama zenu, meno ya kung'oka na kuota, ili tukishuka tusiuliwe. Walifanya kazi nzuri. Lakini walikuwa wanatazama kutoka mbali mno. Hawakujua kwamba kidole cha mtu kina mistari.

Mwenzangu alikuwa mdogo kwangu. Sina neno la Kiswahili la uhusiano wetu, labda ndugu linatosha. Hakuamka. Nilimfukia pale pale kwa mikono, nikasikia mtu nyuma yangu ananena maneno ambayo sikuyajua, na nilipogeuka ulikuwa umeshika bakuli. Sasa unajua kwa nini sipandi kitu katika kona ile ya bonde, na kwa nini mwaka ule ulipotaka kuilima nililia mpaka ukaacha. Unajua kwa nini mbu hawanigusi na sijawahi kuugua malaria. Na moyo wangu, ule uliosema unachelewa kwa sababu ya utapiamlo, unapiga vile unavyotakiwa kupiga. Hakuna anayekuja kunichukua. Nimesikiliza kila siku kwa miaka kumi na miwili, hakuna anayeita. Nimebaki peke yangu, nami sipendi kwenda popote.

Haya yote nilimwambia Valerian mchana wa Jumatano, kwenye ngazi za nyuma ya ofisi, wengine wakiwa kwenye chakula. Kwanza alicheka. Nikachukua kiganja chake nikakiweka kwenye mbavu zangu za kulia, nikamwambia ahesabu kwa saa yake. Dakika nzima alipata mapigo tisa. Akahesabu tena. Uso wake ukawa wa jivu. Akasimama, akasahau mkoba wake wa zana, akaondoka hata bila kuaga.

Sitakuficha, mchana ule ulikuwa mrefu kuliko yote niliyoishi hapa. Niligonga mihuri juu chini. Bi Kudra akaniuliza kama naumwa, nikasema ni tumbo, akanitengenezea chai ya tangawizi. Kila pikipiki iliyosimama nilijua imeleta watu wa kunichukua. Nilipanga maneno ya kukutoa wewe hatiani, kwamba hukujua, kwamba nilikudanganya. Nilipanga mpaka sentensi.

Alhamisi asubuhi Valerian alikuja. Alipanga foleni kama raia, nyuma ya kina mama watano wenye watoto, akachukua namba, akangoja saa nzima. Alipofika dirishani kwangu macho yake yalikuwa mekundu. Aliuliza, watu wote wakisikia, kama karani anaweza kumsaidia: mtoto asiye na ukoo, akitaka kuolewa, huposwa kwa nani? Abdulrazak akamwambia aende kwa mganga, hapa ni serikalini. Bi Kudra akasema swali hilo halina fomu. Valerian akajibu kwamba ameshamuuliza bibi yake, bila kutaja jina la mtu, na bibi amesema zamani wakati wa njaa watoto wa namna hiyo walikuwepo, na waliposwa kwa yule aliyewalisha. Kisha akaniambia mimi, polepole, kwamba bado anaogopa sana, hajalala, lakini juu ya ngazi pia huogopa na bado hupanda. Akachukua mkoba wake wa zana akaenda zake.

Kwa hiyo Mama, nafikia ombi langu, na hapa utaona mwandiko umeharibika.

Naomba Jumamosi unikatae.

Mjomba Lukas atakapokuomba uthibitishe mbele ya wazee kwamba ulinizaa, naomba useme hukunizaa. Sema yale tu uliyoyaona mwenyewe: mvua, bonde, mtoto, bakuli. Hayo ni kweli tupu, nayo yanatosha. Mengine niliyoandika hapa hayana shahidi, yaache yaungue. Wakikuuliza uliutoa wapi ujasiri wa kuwadanganya ndugu zako, jibu utakavyoona. Mjomba atakasirika, huenda asikusemeze mpaka Pasaka. Kuhusu cheti changu nimesoma taratibu zote; kuna kiapo cha kurekebisha taarifa, nimekiandaa, na nimeeleza humo kwamba ulimchukua mtoto aliyekuwa anakufa. Huenda nikakalishwa kwenye benchi lile. Huenda kazi ikaisha. Nimepima, na nimechagua kuogopa nikiwa na Valerian kuliko kuwa salama namwita kaka.

Lakini sikulazimishi. Ulinipa ukoo wako wakati nilikuwa sina hata nguo, na ni mali yako, unaweza kukataa kuuondoa. Ukinyamaza Jumamosi nitaelewa. Naogopa utasema, na naogopa hutasema. Ukisema mbele ya watu wote kwamba mimi si wako, tafadhali usinitazame usoni mpaka umalize, maana sijui kama nitastahimili.

Wazee watakaa pande mbili, wenye binti mkeka mmoja, wenye kijana mkeka mwingine. Ukiingia, usikae kokote kwanza. Sema ukiwa umesimama. Ukimaliza, hakuna desturi itakayokulazimisha ukae upande wangu, kwa kuwa hutakuwa tena damu yangu kwa maneno ya mtu yeyote. Mimi nitakuwa nimekaa peke yangu kwenye mkeka wa wenye binti. Nitakaa pembeni kabisa, ili nafasi ibaki.

Nakutakia usiku mwema, ulinzi wa Bikira Maria, na safari salama. Ukija, shukia stendi, nitakuwepo tangu asubuhi. Wape wote salamu zangu, ila usiwaambie zimetoka kwenye barua.

Ni mimi mwanao,
Helena.